Shingo ya Gobori

Walikuja na gobori ndani ya kisutu cha mama yao,
Shekuwe kashika mtutu, Famau kashika kitako,
wachukuzi wa jeneza wasiosemezana.
Limevunjika shingoni, pale kiganja kinapokamata.
Sikuuliza nani alivuta, nani aliachilia.
Kuze nzima yajua.

Gundi wameshajaribu. Waya pia,
na utepe mweusi wa fundi wa stima.
Nikavibandua kwa kisu cha tambuu.
Chini yake mti ulikuwa mwekundu kama ufizi.
Mtutu umezibwa kwa risasi ya kuyeyushwa,
na cheti cha polisi Famau alinionyesha mara mbili.
"Halilii tena," akasema. "Twataka likae ukutani tu."
"Ukutani kwa nani?" akauliza Shekuwe.

Mimi ni binti wa mwamba ngoma.
Bunduki siijui. Ngozi naijua.

Hii ilitoka kwa ng'ombe wa arubaini ya mama yao;
nyama waligawana kwa mizani,
ngozi ikabaki kwa kuwa hakuna aliyeitaka.
Siku tatu ndani ya pipa la chokaa, uani,
na Bi Mwanatumu wa ghorofani
akifunga madirisha kwa kishindo,
akiniletea ujumbe wa simu usio na salamu.
Nikaipara manyoya kwa kigae.
Ikatoka nyeupe, telezi, nzito kuliko ilivyoingia.
Kunguru wakajipanga ukutani,
wakakagua.

Kazi hii yataka mikono minne zaidi ya yangu.
Nikawaita.
"Wewe shika hapa. Na wewe pale. Vuteni."
Wakavuta, kila mtu upande wake.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake:
watu husema hivyo wakimsema mwenye choyo.
Lakini baba alinifunza kwamba ngozi ya mvutaji mmoja
huenda upande, na ngoma ikatoa sauti ya debe.
Acha wavutane.
Nikapita katikati yao na shazia na uzi wa kano,
tundu kwa tundu, chini ya shingo, mahali pasipoonekana,
jasho la Famau likinidondokea kifundoni,
pumzi ya Shekuwe ikinuka kahawa chungu.
Kwa muda wa mshono mmoja
hakuna aliyekumbuka kununa.

Kisha ikaja nakshi.
Huyu ataka jina la babu, aliyelinunua gobori.
Huyu ataka la mama, aliyelipaka mafuta ya nazi
kila mwezi wa Shaabani, miaka arubaini na mitatu.
Nikawaambia shingo ni nyembamba, haibebi majina mawili.
Walipoondoka nikachukua ncha ya msumari,
nikanakili ua la kisutu walichokisahau juu ya kiti changu.

Mlikuwa na kishoka pia ndani ya kile kisutu,
kichwa kinacheza, mpini una ufa.
Nikakivisha ngozi ya mkia, nzima, bila mshono,
kama unavyomvisha mtoto soksi.

Wahenga walisema ngozi ivute i maji.
Hawakusema kwamba ikikauka huvuta yenyewe,
wala haimuulizi mtu.
Usiku ule wa kaskazi, feni imezimika, sikulala,
nikaisikia ikijikaza gizani: kwi. Kimya. Kwi.
Asubuhi ya tatu nikaigonga kwa ukucha,
ikajibu kama mfupa.
Ufa nikautafuta kwa kidole, nikaukosa.

Shekuwe alikuja Jumatatu, peke yake, na pesa kamili.
Famau alikuja Jumatano, peke yake, na pesa kamili.
Wote wawili nimewaambia neno moja:
lilikuja kwa mikono minne.

Basi limeegemea ukuta wangu, karibu na jiko,
na vumbi la unga limeanza kujaa katika ua.
Kishoka nakipasulia kuni.
Hakuna aliyekiulizia.